Andy Hamilton: mpiga saksafoni wa Birmingham aliyerekodi albamu ya kwanza akiwa na miaka 73

Chuo Kikuu cha Birmingham kilipoanzisha kiti cha uprofesa wa muziki mwaka 1905, mtu wa kwanza kukikalia hakuwa amesoma muziki katika chuo chochote. Edward Elgar alikuwa mwana wa fundi wa piano mwenye duka la ala za muziki mjini Worcester, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujifundisha mwenyewe. Miongo mingi baadaye, chuo hicho hicho kilimtunuku shahada ya heshima ya uzamili mtu mwingine ambaye naye hakupita katika mlango wa shule ya muziki. Huyu hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Alikuwa Mjamaika aliyetumia miaka mingi ya maisha yake ya utu uzima katika viwanda vya mji huo mchana, na usiku akipuliza saksafoni.

Jina lake Andy Hamilton. Alizaliwa tarehe 26 Machi 1918 na kufariki dunia tarehe 3 Juni 2012, akiwa na umri wa miaka 94. Wapenzi wa muziki wa jazz nchini Uingereza wanamfahamu kama mtu aliyetoa albamu yake ya kwanza akiwa na miaka 73, na vichwa vya habari vilivyoandikwa juu yake havikuchoka kulitaja jambo hilo. Lakini miaka hiyo 73 haikuwa tupu, na yeyote anayetaka kumwelewa Hamilton hana budi kuitazama miaka ambayo hakuna aliyemrekodi.

Saksafoni ya mwanzi

Port Maria ni mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Jamaica, katika eneo ambalo ndizi na miwa ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wa maisha. Mtoto wa Port Maria katika miaka ya 1920 hakuwa na njia ya kununua saksafoni. Hamilton alianza kujifunza kwa ala iliyotengenezwa kwa mwanzi, na mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka kumi tu, yeye na wenzake waliunda bendi yao ya kwanza.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki halioni jambo hilo kuwa la ajabu. Anaijua zumari, na anajua kuwa sauti yake haitoki katika mti uliochongwa bali katika kipande kidogo cha utete kinachotikisika mdomoni mwa mpigaji. Saksafoni nayo, pamoja na mng'ao wake wote wa shaba, ni ndugu wa zumari kwa upande huo. Mbelgiji Adolphe Sax, aliyeipatia hatimiliki mjini Paris mwaka 1846, alichukua mdomo wenye utete kama wa klarineti akaufunga kwenye bomba la shaba lenye umbo la pembe, akitafuta ala itakayounganisha sauti nyororo za filimbi na klarineti na sauti kali za tarumbeta katika bendi za jeshi. Ndiyo maana hadi leo, ijapokuwa ni ya shaba, saksafoni huhesabiwa pamoja na ala za mti.

Ni kwa njia ya bendi za jeshi na polisi ndiyo ala hiyo ilivyozoeleka sehemu nyingi za makoloni ya Uingereza, ya kwetu yakiwamo, ambako wanamuziki wa dansi waliipa jina la mdomo wa bata. Neno jazz nalo liliwasili. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944, na zikafuatiwa na nyingine nyingi zilizobeba neno hilo katika majina yao, ingawa muziki zilioupiga ulikuwa dansi na baadaye rumba. Jazz lilikuwa jina la usasa. Huko Port Maria mambo hayakuwa tofauti sana: vijana walisikia bendi kubwa za Wamarekani weusi kama ile ya Duke Ellington na ya Count Basie, wakazichanganya na nyimbo za kwao, na kilichotoka hakikuwa cha Marekani wala hakikuwa cha kijijini.

Hamilton alikwenda Marekani kwa muda akafanya kazi ya upishi na kibarua cha mashambani, na alipopata nafasi akapiga jazz. Aliporudi nyumbani katika miaka ya mwisho ya 1940, alikuta kazi ambayo ingekuja kusimuliwa kila alipotajwa.

Wimbo wa jahazi la Zaca

Errol Flynn, mzaliwa wa Australia, alikuwa miongoni mwa waigizaji mashuhuri kabisa wa filamu za Hollywood wakati huo. Alikuwa na jahazi la kifahari lililoitwa Zaca, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliipenda Jamaica hadi akafanya makazi huko. Hamilton aliajiriwa kumpangia muziki katika jahazi hilo. Wageni wa Flynn walikula, walikunywa na kucheza, na kijana wa Port Maria alisimama na saksafoni yake mbele yao.

Katika mazingira hayo alitunga wimbo mmoja wa taratibu, wenye mahadhi ya Karibi na pumzi ndefu, alioupa jina la Silvershine. Flynn aliupenda na aliuomba mara kwa mara. Haukurekodiwa. Flynn alifariki mwaka 1959, jahazi likapita katika mikono ya watu wengine, na wimbo ukabaki mahali pamoja tu: kichwani na vidoleni mwa mtunzi wake.

Wasimulizi wengi wa maisha ya Hamilton hukaa sana katika kisa hiki, na ni rahisi kuona sababu. Nyota wa sinema huvutia kuliko zamu ya kiwandani. Lakini kazi ya jahazini ilikuwa kipindi kifupi, na Birmingham ilikuwa miaka sitini na zaidi.

Mji wa viwanda

Hamilton aliwasili Uingereza mwaka 1949. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga Tilbury, Juni 1948, ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Sheria ya uraia iliyopitishwa mwaka huo wa 1948, na kuanza kutumika Januari 1949, iliwapa wakazi wa makoloni hadhi ya raia wa Uingereza na makoloni yake. Kwa karatasi, Mjamaika aliyeshuka melini alikuwa raia sawa na mkazi wa Birmingham. Kwa karatasi, kwani alipokwenda kutafuta chumba cha kupanga alikuta milango ikifungwa, na wenye nyumba wengine hawakuona haya kuandika dirishani ni watu gani hawakutaka kuwaona.

Birmingham ilihitaji mikono. Mji huo ulijulikana kwa ufundi wa namna nyingi, kuanzia magari ya Longbridge na pikipiki za BSA huko Small Heath hadi chokoleti ya Cadbury huko Bournville, pamoja na karakana ndogo zisizo na idadi za vyuma, vifungo na vito. Wageni walipewa kazi ambazo wenyeji walikuwa wakizikimbia. Hamilton aliingia kiwandani kama wenzake, na jioni, baada ya kunawa grisi, alitoka na mkoba wa saksafoni.

Pamoja na mpiga piano Sam Brown, Mjamaika mwenzake, alianzisha kikundi alichokiita The Blue Notes. Jina hilo lilidumu naye kwa zaidi ya nusu karne. Wanachama walibadilika, wengine walihama, wengine walizeeka na wengine walikufa, lakini kikundi hakikuvunjika.

Inafaa hapa kulinganisha kidogo. Mpiga saksafoni wa Tanzania katika miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi; polisi na majeshi yalikuwa na bendi zao; mwanamuziki alipata mshahara, ala zilikuwa mali ya taasisi, na kama alinung'unika, alinung'unikia maslahi. Hamilton hakuwa na taasisi. Mshahara ulitoka kiwandani, ala ilikuwa yake, na ukumbi alijitafutia mwenyewe. Kwa hiyo akawa pia mwandalizi wa maonyesho: alikodi kumbi, aliuza tiketi, aliwaita wanamuziki wengine na kuwapa jukwaa.

Kazi hiyo ya kuandaa haikuwa ya biashara peke yake. Katika miaka ya 1950 baadhi ya baa na kumbi za dansi katika eneo la Midlands zilikataa kuwahudumia watu weusi, au ziliwatengea chumba chao. Mtu aliyefanya kazi siku sita hakuwa na mahali pa kucheza dansi siku ya saba. Ukumbi uliokodiwa na Hamilton na wenzake ulikuwa mahali ambapo mgeni aliweza kuvaa suti yake aliyoiagiza kwa malipo ya kidogo kidogo, kukutana na watu wa kwao, na pengine kukutana na mchumba. Ndoa nyingi za wahamiaji wa kizazi kile, popote walipokuwa, zilianzia katika kumbi za namna hiyo.

Miaka ya chuki

Ni vigumu kuueleza mji huo bila kuitaja siasa yake. Smethwick, mji unaopakana na Birmingham upande wa magharibi, ulipata sifa mbaya dunia nzima katika uchaguzi wa mwaka 1964, pale Peter Griffiths wa chama cha Conservative aliposhinda kiti cha ubunge kwa kampeni iliyoegemea chuki dhidi ya wahamiaji. Februari 1965, Malcolm X alifika huko, akatembea katika mtaa wa Marshall ambako wakazi weupe walikuwa wakitaka halmashauri inunue nyumba ili zisiuzwe kwa wahamiaji. Siku tisa baadaye aliuawa mjini New York.

Miaka mitatu baada ya hapo, tarehe 20 Aprili 1968, mbunge wa Wolverhampton Enoch Powell alisimama katika Hoteli ya Midland, katikati ya Birmingham, na kutoa hotuba ya kupinga uhamiaji ambayo ilimgharimu nafasi yake katika uongozi wa chama chake. Afrika Mashariki haikuwa mbali na mkasa huo. Wiki chache kabla, serikali ya London ilikuwa imepitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Uingereza wasiingie nchini. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, maelfu yao walikwenda Uingereza na baadhi wakafanya makazi Birmingham, wakapangana mitaa na Wajamaika walioitangulia mikasa yao kwa miaka ishirini. Wasomali wa Small Heath, Wakongo na Warundi walikuja baadaye, na kila kundi lilidhani ndilo la kwanza kuyaona yale.

Hamilton hakuwa msemaji wa siasa majukwaani. Alichofanya ni kuendelea kupiga. Kwa miaka mingi The Blue Notes walikuwa na usiku wao wa Alhamisi katika kumbi za Bearwood, na Bearwood iko ndani ya Smethwick, mji ule ule wa uchaguzi wa mwaka 1964. Alhamisi baada ya Alhamisi watu weupe na weusi waliketi meza moja katika ukumbi wa baa, mzee wa Kijamaika akiwa mbele yao amevaa suti na kofia, akipuliza nyimbo za taratibu. Mwanamuziki chipukizi aliyefika na ala yake alikaribishwa kupanda jukwaani, bila kuulizwa alikotoka wala cheti chake.

Ubaya wa utaratibu huo ni kwamba haukuacha alama. Kampuni za santuri hazikuja Bearwood. Jazz ya Uingereza ilikuwa na makao yake London, na hata London wanamuziki weusi wa kizazi chake walihesabika kama wageni waalikwa kuliko wenye nyumba. Miaka ya 1960 ilipita, ya 1970 ikapita. Wanawe walikua, na mmoja wao, Graeme, akawa mpiga tarumbeta aliyesikika katika santuri za Fine Young Cannibals, kundi la pop la Birmingham lililotamba duniani katika miaka ya 1980. Mtoto alisikika redioni Marekani kabla baba hajarekodi wimbo hata mmoja.

Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 68, Hamilton alipoteza fahamu kutokana na ugonjwa wa kisukari na nusura aage dunia. Lau angefariki mwaka ule, habari yake ingekuwa aya chache katika gazeti la mji, na Silvershine ungezikwa naye. Alipona, akaichukua tena saksafoni.

Albamu

Aliyeubadilisha mkondo ni kampuni ya London ya World Circuit, iliyokuwa chini ya mtayarishaji Nick Gold. Baadhi ya wasomaji wanaijua kampuni hiyo kwa sababu nyingine: ndiyo iliyotoa albamu ya Shirati Jazz ya Kenya mwaka 1987, na ndiyo iliyoitambulisha gita la Ali Farka Touré wa Mali kwa wasikilizaji wa Ulaya. Mwaka 1991 ilimwingiza Hamilton studio.

Albamu ilipewa jina la Silvershine. Wimbo wa jahazi la Zaca, uliokaa bila kurekodiwa kwa zaidi ya miaka arobaini, hatimaye ukawa kitu cha kushikika mkononi. Na wageni waliokuja kumsindikiza walionyesha kuwa wanamuziki walikuwa wakimjua hata pale kampuni zilipokuwa hazimjui. Walikuwamo David Murray, mmoja wa wapiga saksafoni wakubwa wa Marekani wa kizazi chake. Andy Sheppard na Steve Williamson, wapiga saksafoni wa Uingereza. Jason Rebello kwenye piano. Na Orphy Robinson. Mick Hucknall, mwimbaji wa Simply Red, kundi ambalo mwaka huo lilikuwa kileleni mwa umaarufu, aliimba wimbo mmoja.

Gazeti la The Times liliichagua kuwa albamu ya jazz ya mwaka, nayo ikauzwa vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Hamilton akafanya ziara ya nchi nzima kama kinara wa jukwaa, katika umri ambao wenzake wa kiwandani walikuwa wamestaafu zamani. Albamu ya pili, Jamaica by Night, ilifuata katika muongo huo huo.

Anayezisikiliza leo hasikii mtu mwenye haraka. Vijana wengi wa saksafoni wa miaka ile walikuwa wakishindana kwa wingi wa noti. Hamilton alikuwa wa kizazi cha kabla ya mashindano hayo: sauti ya tenori nzito na yenye pumzi, inayokaa nyuma kidogo ya mdundo, ikiimba wimbo kwanza kabla ya kuupamba. Wapo wakosoaji waliomwona amepitwa na wakati. Huenda ni kweli kwamba hakuongeza jambo jipya katika lugha ya jazz, lakini watu hawakwenda Bearwood kutafuta upya. Walikwenda kusikia wimbo ukipigwa na mtu anayeyajua maneno yake, na hilo si kila mwanafunzi bora wa chuo analiweza.

Miaka mitano baada ya Silvershine, mwaka 1996, mtayarishaji huyo huyo alikuwa Havana akirekodi wazee wa Cuba waliosahauliwa, akiwamo mpiga piano Rubén González aliyekuwa na miaka 76. Albamu ile, Buena Vista Social Club, ikawa gumzo la dunia nzima. Katika visiwa vya Zanzibar nako, Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, baada ya kuimba kwa miongo mingi katika maharusi na unyago. Ulaya ya miaka ile iliingiwa na mapenzi ya ghafla kwa wanamuziki wazee wa nchi za kusini. Mapenzi hayo yalileta fedha na heshima iliyochelewa, na ni afadhali yalikuja. Lakini yalikuwa na tabia ya kuuhesabu ugunduzi tangu siku mtayarishaji alipobisha hodi, kana kwamba mwimbaji hakuwapo kabla ya hapo.

Darasa la Ladywood

Heshima zilimjia kwa mfululizo. Ilikuwamo shahada ya Chuo Kikuu cha Birmingham iliyotajwa mwanzoni. Chuo cha muziki cha mji huo, Birmingham Conservatoire, nacho kilimfanya mshiriki wake wa heshima. Mwaka 2008, alipotimiza miaka 90, alipewa nishani ya MBE ya Malkia Elizabeth kwa utumishi wake katika muziki.

Mtu anaweza kuuliza vyuo vilikuwa wapi katika miaka ya 1950. Swali ni la haki, ila jibu lake halimhusu Hamilton peke yake. Kwa muda mrefu wa karne iliyopita vyuo vya muziki vya Uingereza havikuitambua jazz kuwa somo, na saksafoni yenyewe ilitazamwa kwa jicho la pembeni. Katika bendi za vyuo za ala za kupuliza ilikuwa na nafasi yake, katikati ya safu, baina ya klarineti na trombone, lakini okestra kamili iliihitaji kwa nadra. Mwanafunzi wa leo anayesimama mbele ya bendi ya chuo kikuu kupiga saksafoni kama mwanamuziki mgeni, kiongozi wa bendi akimsubiri amalize sehemu yake, amesimama mahali palipochukua muda mrefu kufunguliwa, na waliopafungua wengi wao hawakuwa wanafunzi.

Hamilton mwenyewe hakusubiri vyuo. Alifundisha watoto katika shule ya muziki ya jamii ya Ladywood, mtaa wa watu wa kipato cha chini usio mbali na katikati ya mji. Ada ya masomo ya saksafoni kwa mwalimu binafsi nchini Uingereza ni mzigo kwa familia ya kawaida, na ala yenyewe huuzwa kwa mamia ya pauni hata ikiwa imetumika. Ladywood mtoto aliyetoka katika nyumba isiyo na pauni ya ziada aliweza kushika saksafoni ya kweli, jambo ambalo mtoto wa Port Maria mwaka 1928 hakulipata. Aliendelea na kazi hiyo uzeeni, na watoto waliokuwa wakifundishwa walikuwa wajukuu wa watu aliowapigia dansi.

Alizungumza nao kwa ala kuliko kwa nadharia. Darasa lilikuwa wimbo: usikie, uimbe, uupige, kisha ndipo uulizwe noti zinaitwaje. Ni njia ile ile ambayo mafundi wa kwetu wa taarabu na dansi waliitumia kurithisha ala, fundi akiketi na mwanafunzi ubavuni mwake mpaka vidole vya mwanafunzi viache kusitasita. Vyuo vinaitaka njia hiyo siku hizi, na vinailipia.

Juni 2012

Aliendelea kupiga hadharani baada ya kutimiza miaka 90. Kupumua kulikuwa kumepungua nguvu, vipande vya kupiga peke yake vikawa vifupi, vijana wa bendi wakibeba sehemu iliyobaki, lakini Alhamisi za Bearwood ziliendelea.

Alifariki dunia tarehe 3 Juni 2012. Ilikuwa Jumapili ya sherehe za miaka 60 ya Malkia katika kiti cha enzi, siku ambayo mamia ya mashua yaliandamana katika mto Thames huku mvua ikinyesha, na vyombo vya habari vya nchi nzima havikuwa na nafasi kubwa ya jambo jingine. Taarifa za tanzia za mpiga saksafoni wa Birmingham zilitoka katika siku zilizofuata, katika magazeti makubwa, ndefu na za heshima. Zote zilimtaja Errol Flynn.

Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Birmingham kilifungua jengo jipya la muziki, lenye ukumbi uliopewa jina la Elgar, yule profesa wa kwanza asiyesoma muziki katika chuo chochote. Bendi za wanafunzi zilipata mahali pa kisasa pa kupigia.

Miaka sita baadaye, mwaka 2018, shindano la BBC la kumtafuta mwanamuziki bora kijana wa jazz lilishindwa na mpiga saksafoni wa tenori kutoka Handsworth, Birmingham, aitwaye Xhosa Cole. Miongoni mwa shule zilizomlea utotoni ni ile ya Ladywood.